Suzuki Every ya Manyuali, ya Otomatiki au ya AGS: Ipi Inakufaa?

Ukishaamua kwamba biashara yako inataka gari dogo la bodi la kufungwa, na mfuko ukakwambia ni Suzuki Every wala si Hiace, swali linalobaki huwa moja: gia. Injini ni ileile ya cc 658, pistoni tatu. Gari lenyewe mara nyingi linakuja kutoka Japani kwa namna tatu: manyuali ya gia 5, otomatiki ya kawaida ya gia 3 au 4, na AGS, ambayo haina pedali ya klachi lakini ndani klachi imo.

Muulize dalali, atakwambia zote zinanusa tu mafuta. Ana haki kidogo. Ukizilinganisha na Noah, zote tatu zinakula kidogo. Ila kati yao tofauti ipo, na haitokani na gia peke yake. Mguu wa anayeendesha una sehemu yake kubwa. Manyuali humlipa dereva mzuri kuliko zote na kumwadhibu dereva mbovu kuliko zote. Otomatiki huwaweka hao wawili karibukaribu. AGS imekaa katikati, ila ina masharti yake. Ndiyo maana watu wawili wenye gari linalofanana wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu ulaji wa mafuta na wote wakawa wanasema kweli.

Gari tunalolizungumzia

Every ni gari la daraja la kei, yaani lile kundi la magari madogo ambayo sheria ya Japani inayabana: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, kimo mita 2, injini isizidi cc 660. Yanayoonekana sana huku kwetu ni matoleo mawili: DA64V, iliyotengenezwa kuanzia 2005, na DA17V iliyoipokea mwaka 2015. AGS utaikuta kwenye DA17V. Isiyo na tabo ina nguvu za farasi 49 hivi, na mzigo ulioruhusiwa ni kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji, basi. Mengi ya humu yanaihusu pia Carry ya bodi la wazi, ile tunayoiita kirikuu, kwa kuwa ni ndugu wa damu.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano: wepesi wa kuizoea, mafuta, mzigo na mlima, gereji, na nani atakayekaa kwenye usukani. Bei ya kununulia nimeiacha kwa makusudi. Inapanda na kushuka kwa hali ya gari, mwaka na ushuru, na gia ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Kuizoea

Kuna mambo ambayo hayabagui gia. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo usitafute boneti ya kufungua ili ukaione, unanyanyua kiti. Wengi hawanyanyui, na oili inakwisha kimyakimya. Nyingi hazina sindano ya joto la injini, zina taa: ya bluu ikimaanisha injini bado ya baridi, nyekundu ikimaanisha simama sasa hivi. Kama gari lina kitufe cha 4WD kwenye dashibodi, hicho ni cha tope na mchanga. Ukikiacha kimewashwa kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana kila unapokata kona. Mafuta yanakwenda bure na difu zinaumia.

Manyuali ya Every ina gia ya kwanza fupi sana. Kazi yake ni kulinyanyua gari tu. Mita chache, unaingiza ya pili. Anayetoka kwenye Corolla huikalia mno hiyo ya kwanza, injini ikapiga kelele hadi abiria akamgeukia. Toleo la kawaida mara nyingi halina geji ya mizunguko ya injini, kwa hiyo masikio ndiyo geji. Ila angalia vizuri uso wa spidomita: kwenye baadhi ya gari hizi kuna alama ndogo zinazoonyesha mwisho wa spidi wa kila gia. Huo ni ukomo, usiufanye lengo. Ukifika kwenye alama kila unapobadili gia, unaendesha kama mtu aliyeiba gari.

Otomatiki ya kawaida haina somo refu. P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya niutro, D ya kwenda mbele, kisha 2 na L za gia za chini. Linawaka likiwa P au N, mguu uko kwenye breki, unaweka D, unaondoka. Somo lililobaki ni zile mbili za mwisho ambazo madereva wengi wanauza gari bila kuwahi kuzigusa. Nitazirudia kwenye mlima. Na jambo moja kwa waliotoka kwenye manyuali: mguu wa kushoto upumzishe kabisa. Ukiuacha uelee karibu na breki, siku moja utakanyaga breki ukidhani ni klachi, na kilo zako za nyanya zitakufuata mbele.

AGS ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu inafanana na otomatiki na si otomatiki. Ukiingia, tafuta P. Hutaiona. Kuna R, N, D na M, ile ya kubadili gia mwenyewe. Unakanyaga breki, mkono uko N, unawasha. Unapoegesha, unavuta handbreki, unaacha gia imeingia (D, au R kulingana na mteremko), kisha unazima injini, na ile gia ndiyo inayosaidia kulishika gari. Aliyezoea kuliacha gari kwenye P bila handbreki atalikuta mahali pengine. Wakati wa kupanda gia utahisi gari linasita kidogo, kama linainama. Si ugonjwa: kompyuta inabana klachi, inabadili gia, inaachia klachi, vilevile ambavyo mguu wako ungefanya. Ukilegeza mafuta kidogo kila unapohisi inataka kubadili, kule kuinama kunapungua sana. Baada ya siku kadhaa mguu unajifunza wenyewe.

Mafuta

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maneno mengi ya uongo yalipo.

Gari la farasi 49 halina nguvu za kumwaga. Kila unapolisimamisha na kuliondoa tena, unalipia. Kwa hiyo dereva anayeona taa nyekundu mbali, akaachia mafuta mapema na kulifikia taratibu likiwa bado linatembea, anabana kuliko yule anayekimbilia taa na kupiga breki. Hii ni kweli kwa zote tatu. Tofauti inaanzia katika kile kinachotokea mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta.

Injini za EFI kama ya Every, yaani zinazopimiwa petroli na kompyuta, zina tabia moja nzuri: gari likiwa kwenye gia na linatembea, ukiachia pedali kabisa, kompyuta inafunga petroli mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensa, yaani mizunguko ya gari lililosimama likiwa linawaka. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, bure. Ukitoa gia na kuachia mserereko, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime. Kwa hiyo ule ujanja wa kushuka mteremko gari likiwa niutro hauokoi kitu kwenye Every. Unaongeza matumizi kidogo na kukunyang'anya breki ya injini. Ulikuwa na hoja zaidi enzi za kabureta, na hata wakati ule ulikuwa hatari.

Manyuali inaifaidi tabia hiyo kikamilifu, kwa sababu injini na magurudumu yameshikana moja kwa moja. Dereva anayepandisha gia mapema, akaacha injini ivute kwa utulivu bila kugugumia, akashusha gia kabla haijalalamika, atapata kilomita nyingi kwa lita. Na dereva mwenye haraka, anayenyoosha gia ya pili kutoka Ubungo mpaka Kimara, atakula mafuta kuliko otomatiki yoyote. Vilevile anayekaa na mguu juu ya klachi kwenye foleni: hamalizi mafuta tu, anamaliza na pleti ya klachi.

Otomatiki ya kawaida inapitisha nguvu kwenye oili kabla ya kufika kwenye gia, na pale sehemu ya nguvu inageuka joto. Hasa ile ya gia 3. Mjini hasara hiyo ni ya kuvumilika. Kwenye barabara ndefu ya lami gia 3 zinakosa pumzi: ukifika kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele kwa sababu hakuna gia ya juu ya kuipumzisha, na ukizidisha hapo unaongeza mafuta kuliko unavyoongeza spidi. Ya gia 4 ni afadhali zaidi safarini. Unachoweza kufanya kwenye otomatiki ni kitu kimoja kikubwa: ukishafika spidi unayotaka, legeza mguu kidogo. Gia inapanda mapema, kelele inashuka. Dereva mbovu hapa hana nafasi kubwa ya kuharibu, na dereva mzuri hana nafasi kubwa ya kuokoa.

AGS kwa asili ni manyuali inayobadilishwa na kompyuta, kwa hiyo haina ile hasara ya oili, na kompyuta hupenda kupandisha gia mapema. Kwa dereva mtulivu kwenye barabara iliyofunguka, inasogeleana sana na manyuali iliyoendeshwa vizuri, na huweza kumshinda dereva wa kawaida wa manyuali. Inapoharibu hesabu ni pale dereva anapoipiga mafuta kwa hasira kwa sababu imesita: inashusha gia, inapandisha, inashusha tena. Ugomvi huo unalipiwa sheli.

Mambo mengine hayajali gia. Upepo wa tairi ni la kwanza. Soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kwa kPa, na mashine nyingi za upepo huku zinasoma kwa psi. Kila kPa 100 ni kama psi 14.5, kwa hiyo kikisema 240 unaweka 35. Kibandiko hutofautisha mbele na nyuma, na tairi za nyuma ndizo zinazobeba mzigo, basi usikubali fundi wa tairi akujazie "thelathini thelathini" zote nne. La pili ni kiyoyozi. Kwenye injini ndogo hivi unakisikia kabisa, hasa ukipanda nacho. La tatu ni vitu vinavyolala ndani ya gari bila kazi: kreti tupu, jeki mbili, mfuko wa mchanga wa mwezi uliopita.

Na ukitaka kujua ukweli wa gari lako, usihesabu kwa shilingi. Bei inabadilika, mamlaka ya nishati ya Tanzania, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Kenya, EPRA, hutangaza tarehe 14. Hesabu kwa lita. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika odometa. Tuseme inasoma 84,200. Fanya kazi zako, rudi pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Odometa inasoma 84,530, pampu imeonyesha lita 22. Kilomita 330 kwa lita 22 ni kilomita 15 kwa lita. Rudia mara kadhaa kabla ya kumlaumu dereva au fundi, maana tanki moja linaweza kudanganya.

Mzigo na mlima

Kilo 350 ni kwa gari zote, na hakuna gia inayoibadilisha. Gunia la viazi la lumbesa halina haya na linaweza kuzidi kilo 100. Matatu tu, tayari uko mpakani.

Kupanda, manyuali inakupa uhuru wa kuchagua gia kabla mlima haujakuchagulia. Mwanza au Lushoto, hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni pale unaposimama katikati ya mlima: anayelishikilia gari kwa klachi badala ya handbreki atasikia harufu ya pleti kabla hajasikia honi ya nyuma. Otomatiki ndiyo tulivu zaidi katika kuondokea mlimani, inashika na kusukuma bila fujo, ila ikibeba uzito mrefu mlimani oili ya giaboksi inachemka, na anayejua huweka 2 mapema ili gia isiwe inahangaika kupanda na kushuka. AGS ina udhaifu wa manyuali hapa bila pedali ya kukukumbusha. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo, klachi iliyo ndani inateketea vilevile. Handbreki, kisha mafuta, kisha achia.

Kushuka, sheria ni moja: gia utakayohitaji kupandia, shukia hiyohiyo. Kitonga ukitokea Iringa, au Mai Mahiu kwa walio Kenya, si mahali pa kutegemea breki peke yake kwenye gari lenye mzigo. Manyuali unashusha hadi ya pili au ya tatu. Otomatiki ndipo zile 2 na L zinapopata kazi. AGS unahamia M na kuishusha gia mwenyewe.

Gereji

Klachi ya manyuali inabadilishwa na fundi yeyote wa mtaani, na seti yake yote, pleti na beringi, unaipata Kariakoo. Betri ikifa, vijana wanne wanasukuma na gari linawaka.

Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Inataka oili yake sahihi ibadilishwe kwa wakati, na ukinunua iliyotumika, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi unuse: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. Ikiharibika, wengi hutafuta giaboksi nzima iliyotumika kuliko kuifungua. Likivutwa barabarani, kumbuka hili, kama si la 4WD, ni gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Hayo ndiyo yanayopaswa kunyanyuliwa.

AGS ina klachi ya kawaida, ambayo si ghali. Tatizo liko kwenye mfumo wa umeme na oili unaoibonyeza. Klachi ikibadilishwa, kompyuta inapaswa kufundishwa upya kwa mashine ya kupimia, na fundi asiye na mashine hiyo atakurudishia gari linaloruka kama chura. Kwa hiyo kabla ya kununua, mtafute fundi kwanza. Dar es Salaam na Nairobi utampata. Wilayani, uliza mara mbili.

Nani atakaa kwenye usukani

Manyuali inamfaa mwenye gari anayeendesha mwenyewe, au aliye na dereva mmoja wa kudumu anayemwamini. Ikipita mikono mingi, klachi inalia. Otomatiki inamfaa mwenye duka la maua, keki au dawa ambaye leo anaendesha yeye, kesho mdogo wake, keshokutwa shemeji. AGS inamfaa dereva mmoja au wawili waliokubali kufundishwa.

Leseni nayo ina neno. Kenya kuna daraja la gari jepesi la otomatiki pekee, B1, na aliye nalo asiguse manyuali. Japani kwenyewe mwenye leseni ya otomatiki pekee anaruhusiwa kuendesha AGS, kwa kuwa haina pedali ya tatu.

Kwa hali yako

Unasambaza mkate au maji mjini, unasimama kila baada ya mita mia mbili, foleni asubuhi na jioni: otomatiki itakulindia goti na klachi, hata kama lita zitazidi kidogo. Ukiwa na dereva makini, AGS nayo inaingia hapa, ila kreti za mayai zitamkumbuka siku za mwanzo.

Unatoka shamba kwenda soko la mji, barabara ya vumbi na milima, fundi wa karibu ni yule wa bodaboda: manyuali. Kwa hali hii sioni sababu ya kujitesa.

Unasafiri sana kwenye lami ndefu, kama Dar kwenda Morogoro kila wiki: manyuali au AGS. Otomatiki ya gia 3 itakuchosha masikio kabla ya Chalinze.

Unaajiri madereva wanaobadilikabadilika: otomatiki, na upime kilomita kwa lita kila unapojaza tanki ili ujue nani ana mguu mzito.

Unaagiza Japani kwa picha tu: usiamini neno moja lililoandikwa kwenye tangazo, kwani wauzaji wengine huiandika AGS kama otomatiki. Kwenye karatasi ya mnada, F5 ni manyuali ya gia 5. Omba picha mbili, ya pedali na ya mkono wa gia. Pedali tatu ni manyuali. Pedali mbili na herufi P ni otomatiki ya kawaida. Pedali mbili bila P, hiyo ni AGS, na kama fundi wako hana mashine ya kuipima, usilipe bado.